Dhamana Mbili za Karani wa Ghala: Dhamana ya Tahadhari katika Kesi za Ulaghai wa Nafaka

Alhamisi jioni, karani wa ghala la nafaka anayeishi mtaa wa Skuta, mjini Nyeri, anapokea simu kutoka kwa mwenzake wa kazini. Wapelelezi wamefika, wamechukua daftari la mapokezi ya mahindi pamoja na vitabu vya stakabadhi, na wameuliza anakolala. Karani huyu ni wa kubuni. Hofu yake si ya kubuni, kwani imewapata watu wengi nchini Kenya, wenye hatia na wasio na hatia. Akikamatwa kesho Ijumaa alasiri, huenda akalala korokoroni usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili kabla ya kumwona hakimu siku ya Jumatatu. Je, sheria inampa njia ya kuziepuka siku hizo tatu?

Njia ipo. Wanasheria huiita kwa Kiingereza jina ambalo, likitafsiriwa neno kwa neno, ni dhamana tarajizi, yaani dhamana inayoombwa na mtu ambaye bado hajakamatwa. Makala haya yananuia kueleza njia hiyo ilitoka wapi, inafanya nini na haifanyi nini, hususan katika kesi zinazohusu ununuzi wa nafaka wa serikali. Aidha, yatalichunguza jina lenyewe, kwa sababu jina baya limewafanya watu wengi waielewe vibaya.

Mahindi yanavyogeuka kuwa kesi

Serikali ya Kenya hununua na kuhifadhi nafaka kupitia Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake NCPB. Bodi hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na ina maghala katika sehemu nyingi za nchi. Utaratibu wake, kwa maandishi, ni mwepisi. Mkulima analeta magunia ya kilo 90, nafaka inapimwa unyevu ambao haupaswi kuzidi asilimia 13.5, inakaguliwa kama ina kuvu au uchafu, inapimwa uzito, kisha mkulima anapewa stakabadhi na kusubiri malipo.

Ulaghai huingia pale bei ya serikali inapopanda juu ya bei ya soko. Msimu wa 2017/2018 serikali ilinunua gunia moja kwa shilingi 3,200. Mwaka huohuo wa 2017 nchi ilikuwa imekumbwa na uhaba mkubwa. Serikali iliruhusu mahindi ya nje kuingia bila ushuru, na kuanzia Mei pakiti ya unga ya kilo 2 ikauzwa kwa bei ya ruzuku ya shilingi 90. Mtu yeyote mwenye mahindi ya bei nafuu kutoka nje, lori, na jina kwenye orodha ya wakulima angeweza kupata faida bila kushika jembe. Hayo ndiyo yaliyodaiwa kutokea. Mwaka 2018 wakulima wa Bonde la Ufa walilalamika kwamba walikuwa wamepanga foleni kwa siku nyingi na kurudishwa nyumbani, au wamekabidhi mahindi na hawajalipwa, ilhali wafanyabiashara wachache walikuwa wamelipwa mamilioni ya pesa. Kiasi kilichotajwa hadharani mwanzoni kilikuwa takriban shilingi bilioni 1.9. Mkurugenzi mkuu wa Bodi aliondoka ofisini mwezi Mei, Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza, na kabla ya mwaka kwisha baadhi ya maafisa wa ngazi ya juu walikuwa wamefikishwa kizimbani.

Msomaji wa maeneo ya Mlima Kenya anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya Kitale na Eldoret. Kweli, Nyeri ni nchi ya chai na kahawa zaidi kuliko mahindi. Lakini wakulima wa Kieni na Laikipia hupanda mahindi, Mwea hutoa mpunga, na maghala ya Bodi ndiyo yaliyokuwa yakigawa mbolea ya ruzuku kwa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Madai ya mbolea bandia yalipolipuka Machi 2024, hakuna mji wa mlimani ambao haukuwa na la kusema. Ghala ni ghala. Daftari lake likichukuliwa na wapelelezi, aliyeliandika ana la kujibu.

Na hapa pana jambo ambalo magazeti hulipita haraka. Katika mlolongo wa ununuzi, sahihi nyingi ni za watu wadogo. Waziri hasaini stakabadhi ya mapokezi, wala mfanyabiashara mkubwa hajazi fomu kwa mkono wake. Mpima unyevu, mpima uzito na karani ndio ambao majina yao yamo katika kila ukurasa, hata pale agizo la kupokea magunia fulani lilipotolewa kwa simu isiyoacha alama. Ushahidi wa karatasi huwaangukia hao kwanza. Chini ya Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Makosa ya Kiuchumi ya mwaka 2003, atakayetiwa hatiani anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi miaka 10, au adhabu zote mbili, na juu yake faini ya lazima ambayo ni mara mbili ya faida aliyoipata au hasara aliyoisababisha. Afisa wa umma anaposhtakiwa tu, kabla ya hukumu yoyote, husimamishwa kazi kwa nusu ya mshahara.

Dhamana isiyoandikwa

Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kufikishwa mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote si zaidi ya saa 24. Hata hivyo kifungu hichohicho kina mlango wa nyuma: saa 24 zikiishia nje ya saa za mahakama, au katika siku ambayo mahakama haiketi, muda unasogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Mwaka 2018 na 2019, washukiwa wa kesi kubwa za ufisadi walipokuwa wakikamatwa siku za Ijumaa mara kwa mara, wananchi waliubandika mtindo huo jina la kamatakamata ya Ijumaa. Wengi walishangilia kuona vigogo wakilala sakafuni. Furaha hiyo inaeleweka, lakini sheria haitofautishi sakafu ya kigogo na ya karani, na mausiku matatu ya korokoroni ni adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa.

Kifungu cha 49 kinaendelea kusema kwamba aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumnyima. Tazama maneno yenyewe: aliyekamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai nayo, katika kifungu cha 123, inamzungumzia mtu aliye mikononi mwa polisi au aliye mbele ya mahakama. Hakuna sheria ya Bunge la Kenya inayotaja dhamana kwa mtu ambaye bado yuko nyumbani kwake. Kwa muda mrefu hoja dhidi ya maombi ya namna hii ilikuwa ya kimantiki tu: huwezi kumfungulia mtu mlango ambao hajafungiwa.

Jibu lilitoka kwa majaji. Katika kesi ya W'Njuguna dhidi ya Jamhuri, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2004, Mahakama Kuu ilishikilia kwamba dhamana ya aina hii inaweza kutolewa pale ambapo chombo cha dola, ambacho kazi yake ni kulinda haki za raia, ndicho kinachozivunja vibaya. Kwa maneno mengine, chimbuko lake si sheria ya dhamana bali ni sheria ya haki za kimsingi. Uamuzi huo ulitolewa chini ya Katiba ya zamani. Katiba ya 2010 iliuongezea nguvu, kwani Mahakama Kuu sasa ina mamlaka ya wazi ya kusikiza malalamiko ya mtu ambaye haki yake imevunjwa au iko hatarini kuvunjwa. Neno hatarini ndilo linalombeba karani wa Skuta. Si lazima asubiri pingu zimfike mkononi ndipo alalamike.

Lakini hofu peke yake haitoshi, na hapa ndipo maombi mengi huanguka. Majaji wamerudia tena na tena kwamba mwombaji lazima aonyeshe hofu iliyo na msingi: ameitwa mara ngapi na akaitikia, ametishwa na nani, polisi wamefika kwake usiku gani, kuna dalili gani kwamba kukamatwa kwake kunanuiwa kumdhalilisha au kumlazimisha ataje watu fulani. Polisi wana wajibu wa kuchunguza, na kuchunguza si uonevu. Mtu anayesema tu kwamba amesikia jina lake likitajwa sokoni ataambiwa aende akaandikishe taarifa kituoni kama raia mwingine yeyote.

Akifaulu, anapata nini? Kwa kawaida amri huwa na sura hii: mwombaji aweke dhamana ya kiasi fulani, akiwa na mdhamini au bila mdhamini, aende mwenyewe kwa wapelelezi siku na saa iliyotajwa, asiwaingilie mashahidi, na iwapo atakamatwa kwa sababu ya tuhuma hizo, aachiliwe kwa dhamana hiyohiyo. Upelelezi unaendelea. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma yuko huru kumfungulia mashtaka. Siku atakapoyajibu mashtaka hayo, amri inakoma, na mahakama itakayosikiliza kesi inaanza upya kuamua suala la dhamana.

Amri hii haipaswi kuchanganywa na amri nyingine ambayo washukiwa wakubwa huipenda zaidi, ile ya muda inayosimamisha kukamatwa na kushtakiwa kwenyewe mpaka ombi la kikatiba lisikilizwe. Hiyo ndiyo inayoweza kuizika kesi kwa miaka, na ndiyo ambayo Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imeilalamikia hadharani. Katika mazungumzo ya mitaani amri hizi mbili hutiwa kapu moja, na karani anayeomba asilale korokoroni anahesabiwa kuwa sawa na tajiri anayeomba asishtakiwe kabisa.

Nchi iliyoiandika dhamana hii kwa wino wa sheria ni India. Kifungu cha 438 cha sheria yake ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1973 kiliiweka wazi. Tangu Julai 2024 imo katika kifungu cha 482 cha sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile. Mwaka 1980, katika kesi ya Gurbaksh Singh Sibbia, majaji watano wa Mahakama ya Juu ya India walikataa kuibana kwa masharti ambayo Bunge halikuyaweka, wakaeleza pia kwamba amri hiyo huanza kufanya kazi pale tu mtu anapokamatwa. Mawakili wa Kenya wameyanukuu maamuzi ya India kwa miaka mingi, ijapokuwa msingi ni tofauti: kule mwombaji anasimama juu ya kifungu cha sheria, huku anasimama juu ya haki iliyo hatarini. Tanzania iko upande mwingine kabisa wa mizani. Huko mtu anayeshtakiwa kwa utakatishaji wa fedha hanyimwi dhamana kwa uamuzi wa hakimu. Sheria yenyewe ndiyo inayomnyima. Msomaji anaweza kupima mwenyewe umbali uliopo baina ya mataifa mawili jirani yanayotumia neno lilelile, dhamana.

Jina lake ni nani?

Na tuliangalie neno hilo. Asili yake ni Kiarabu, na Kiswahili kimelizalisha kwa ukarimu: dhamini, mdhamini, udhamini, dhaminiwa. Lina maana ya rehani au ahadi inayowekwa ili mtu aaminiwe. Lina pia maana ya jukumu alilokabidhiwa mtu, kama tunaposema waziri mwenye dhamana ya kilimo, au fulani amepewa dhamana ya ghala. Karani wa Skuta, basi, anatuhumiwa kuivunja dhamana moja na anaomba apewe nyingine. Kiingereza kina maneno mawili yasiyohusiana kwa dhana hizo, hivyo wakili wake hatauona utani huo wa lugha. Mswahili anauona mara moja, na pengine ndiyo sababu mwananchi huuliza kwa hasira: aliyeshindwa kutunza dhamana anapewaje dhamana? Swali hilo linatokana na lugha, na jibu lake liko katika sheria. Dhamana ya kwanza ni imani ambayo umma ulimpa, na kama aliivunja au la ndilo suala litakaloamuliwa. Dhamana ya pili haihitaji kuaminiwa tabia yake. Inahitaji tu kuaminika kwamba atafika mahakamani.

Kuhusu kivumishi, majina kadhaa yanaweza kupendekezwa, na kila moja lina kasoro. Dhamana ya awali inaashiria kwamba itafuatwa na ya kati na ya mwisho. Dhamana ya kuzuia kukamatwa, ambayo ingewavutia wanahabari kwa uwazi wake, inasema uongo: tumekwisha kuona kwamba katika sura yake ya kawaida amri haizuii kukamatwa, inazuia kuwekwa ndani. Jina hilo ndilo linalolisha dhana kwamba mahakama inawapa washukiwa kinga. Dhamana tarajizi na dhamana ya matarajio zina dosari ya hila zaidi. Katika Kiswahili, kutarajia huelekea kwenye heri. Mtu hutarajia mavuno, mgeni, matokeo mema. Hakuna anayetarajia kukamatwa. Huhofia.

Ajabu ni kwamba Wahindi wenyewe hawakuwa na raha na jina lao. Kifungu cha 438 hakikulitumia. Kilimzungumzia mtu anayehofia kukamatwa. Mwaka 1976, katika kesi ya Balchand Jain, Mahakama ya Juu ya India ilisema kinagaubaga kwamba jina lililozoeleka ni la kupotosha, kwa kuwa hakuna dhamana inayoanza kufanya kazi kabla ya mtu kukamatwa. Kiswahili, basi, hakina sababu ya kuibeba kasoro ambayo wenyewe wameikana. Dhamana ya tahadhari inaelekea kufaa zaidi. Tahadhari haiahidi kwamba jambo halitatokea. Mtu huchukua mwavuli kwa tahadhari, na mvua hunyesha vilevile. Istilahi hiyo inasikika kwa urahisi, inakubali upatanisho wa kawaida, na mwananchi asiyejua sheria hawezi kuikosea maana kwa kiasi kikubwa.

Mahakama ya lugha moja

Mjadala wa istilahi usionekane kuwa anasa ya wanafunzi wa lugha. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, lakini lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinazitaja lugha zote mbili kuwa rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya taifa pia. Sasa, dhamana ya kawaida huombwa mbele ya hakimu, ambako mshtakiwa anaweza kujieleza kwa Kiswahili bila kumsumbua mtu. Dhamana ya tahadhari, kwa kuwa imezaliwa na haki za kimsingi, huombwa katika Mahakama Kuu. Ina maana kwamba njia pekee inayomlinda mtu kabla ya kukamatwa imewekwa katika ngazi ambayo Kiswahili hakifiki ila kupitia kwa mkalimani.

Mahakama Kuu yenyewe haiko mbali tena. Mbali na Nyeri, inaketi Nanyuki, Embu, Meru, Chuka, Kerugoya na Murang'a. Na Mahakama ya Rufani ina kituo Nyeri. Kwa mkazi wa Skuta umbali si kikwazo. Kikwazo ni kwamba kati ya Alhamisi jioni na Ijumaa adhuhuri anahitaji wakili, hati ya dharura, ombi, na hati ya kiapo inayosimulia hofu yake kwa Kiingereza cha kisheria. Mwenye fedha hupata hayo yote kwa simu moja. Karani analipwa mwisho wa mwezi. Haki hii, ambayo majaji waliibuni kwa ajili ya mnyonge anayeonewa na dola, katika utendaji inamfikia kwanza yule ambaye dola humwonea kwa nadra.

Kuna mambo ambayo angeweza kuyafanya bila wakili. Anaweza kuandika mwenyewe, kwa Kiswahili, tarehe na saa ya kila simu na kila ugeni wa wapelelezi, pamoja na majina yao. Anaweza kwenda kituoni kabla ya kutafutwa, akiwa na shahidi, kwani hakuna hoja inayovunja ombi la upande wa mashtaka la kumzuia kama rekodi inayoonyesha kwamba alijileta. Anaweza kuomba dhamana ya polisi papo hapo kituoni. Na kama ni agizo la mkubwa lililomfanya asaini magunia ambayo hakuyaona, ni bora alieleze hilo mapema kuliko kulificha, kwani mashahidi wengi wa kesi za namna hii huanza wakiwa washukiwa.

Chukulia kwamba amefaulu. Jaji amesoma ombi Ijumaa asubuhi, ametoa amri ya muda, na ameagiza karani aripoti kwa wapelelezi Jumatatu saa tatu. Anatoka mahakamani akiwa na nakala yenye muhuri, kurasa mbili za Kiingereza, anaikunja na kuitia mfukoni. Katika gari la abiria la kwenda Skuta anaitoa tena, anampa kijana aliyeketi kando yake, na kumwomba amsomee mahali palipoandikwa saa.